Magofu au Mahame? Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza, Swali la Utafiti na Lugha ya Akiolojia ya Pwani

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili mna maneno mawili ambayo wasemaji wengi wa leo huyachukulia kuwa yanakaribiana, nayo ni magofu na mahame. Gofu ni jengo lililobomoka, hasa la mawe, ambalo kuta zake bado zaonekana. Mahame ni mahali palipohamwa: watu waliishi hapo, wakaondoka, na pengine hapakubaki ukuta hata mmoja. Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyetumwa kutafuta makazi ya kale katika vijiji vya kusini mwa Dar es Salaam. Anamwamkia mzee kwa heshima, kisha anauliza: "Babu, hapa pana magofu?" Jibu la kweli laweza kuwa, "Hapana, mjukuu wangu." Mwanafunzi huandika katika daftari lake kwamba eneo hilo halina kitu, naye huenda zake. Lau angaliuliza juu ya mahame, mzee yule yule huenda angalimwongoza hadi kwenye mibuyu iliyo nyuma ya shamba la mihogo, ambako kila msimu wa kulima majembe hugonga vigae na mavi ya chuma.

Mzee hakusema uongo, na mwanafunzi hakufanya uvivu. Kilichopotoka ni swali. Aidha, swali hilo halikutungwa na mwanafunzi. Alikabidhiwa likiwa limekwisha kutafsiriwa kutoka katika waraka ulioandikwa kwa lugha nyingine, na watu wengine, mahali pengine. Yeye alikuwa mbebaji wa swali tu, kama alivyo mbebaji wa sururu na futikamba.

Mhadhara huu unakusudia kueleza namna wanafunzi wa shahada ya kwanza wanavyoweza kushirikishwa katika utafiti wa akiolojia, si katika kuchimba peke yake, bali pia katika kuupanga utafiti wenyewe. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi hujifunza utafiti pale anapokuwa na haki na wajibu wa kuuliza, na kwamba lugha ambamo swali hutungwa ni sehemu ya mbinu za utafiti. Mifano mingi inatoka pwani ya Afrika Mashariki, hususan mafunzo ya uwandani yaliyoendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980.

2.0 Mpango wa Utafiti Ni Nini?

Watu wengi wanapoisikia akiolojia huliona shimo. Kwa hakika shimo huja baadaye. Kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, mtafiti hupaswa kuwa ameamua mambo yasiyopungua manne: anauliza nini, atatafuta wapi, atachukua kiasi gani, na ni kitu gani atakachokikubali kuwa ushahidi. Maamuzi hayo manne kwa pamoja ndiyo yanayoitwa mpango wa utafiti.

Yaanze maamuzi ya mahali na kiasi. Chukuliwe eneo lenye urefu wa kilomita 10 na upana wa kilomita 10, yaani kilomita za mraba 100. Haiwezekani kulikagua lote. Wanafunzi watano hujipanga katika mstari, mmoja akiwa mita 20 kutoka kwa mwenzake, kila mmoja akikagua ardhi iliyo kuume na kushoto kwake. Kwa pamoja wanafunika upana wa mita 100. Wakitembea mstari mmoja kutoka mpaka hadi mpaka, watakuwa wamekagua kilomita moja ya mraba, sawa na asilimia 1 ya eneo. Mistari 10 huwapatia asilimia 10. Hesabu hii ni nyepesi, lakini swali linalofuata si jepesi: mistari hiyo 10 ipite wapi? Ikifuata barabara, makazi yatakayoonekana ni yale yaliyo kando ya barabara. Ikifuata ufuko, utafiti utahitimisha kwamba watu wa kale waliishi ufukoni. Njia iliyo salama zaidi ni kuligawa eneo kwa kufuata maumbile yake, yaani ufuko, mabonde na miinuko, kisha kupiga kura ili kila sehemu ipate mistari yake bila upendeleo.

Uamuzi kuhusu ushahidi nao una uzito wake. Shimo la majaribio lenye mita 1 kwa mita 1, likichimbwa kwa vina vya sentimita 10 hadi kufikia mita 1, hutoa ngazi 10 za udongo ambao sharti upite katika chekeche. Chekeche lenye matundu ya milimita 10 litavibakiza vigae vikubwa na mifupa ya ng'ombe. Litapitisha ushanga wa kioo wenye kipenyo cha milimita 3 au 4, na litapitisha mifupa ya samaki wadogo. Mtafiti akishindwa kulifikiria jambo hilo mapema, huenda akaandika kwamba wakazi wa mahali pale hawakuwa na biashara ya mbali, kumbe ushahidi wa biashara hiyo uko kwenye lundo la udongo lililotupwa nyuma yake. Punje za mtama au mpunga zilizoungua huhitaji utaratibu mwingine kabisa: udongo hutiwa majini ili punje zielee. Asiyeuliza watu walikula nini hatatayarisha maji.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika akiolojia kwa sababu uchimbaji huharibu kile unachokichunguza. Mtaalamu wa isimu akikosea katika kurekodi, aweza kurudi kwa msemaji kesho yake. Mkemia aweza kurudia jaribio. Tabaka la udongo likishaondolewa haliwezi kurudishwa, na kinachobaki ni michoro, picha, vipimo na vitu vilivyowekwa katika mifuko yenye lebo. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyefundishwa kushika mwiko pasipo kufundishwa kupanga swali amepewa uwezo wa kuharibu kabla ya kupewa uwezo wa kuelewa.

3.0 Kutoka Magofu hadi Mahame

Historia ya akiolojia ya pwani huonyesha vizuri namna swali linavyoamua jibu. James Kirkman alianza kazi yake Gede, Kenya, mwaka 1948. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, akachapisha juzuu mbili kuhusu mji huo mwaka 1974. Kazi zao zilikuwa kubwa na zingali zinategemewa. Hata hivyo, macho yao yalivutwa zaidi na mawe: misikiti, majumba, makaburi yenye nguzo, na vyombo vya kigeni vilivyopatikana humo. Aliyeanzia kwenye mawe na kauri za ng'ambo hakuwa mbali na hitimisho kwamba miji hiyo ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo. Nyumba za miti na udongo, ambazo bila shaka waliishi watu wengi zaidi, hazikupata nafasi iliyo sawa, kwa kuwa hazina magofu. Nyumba ya kukandika ikianguka huacha vipande vya udongo vyenye alama za fito, mashimo ya nguzo yaliyojaa udongo wa rangi tofauti, na sakafu iliyoshindiliwa. Vitu hivyo havionekani ila na mtu aliyejiandaa kuvitafuta.

Mabadiliko yaliletwa na watafiti waliouliza kwa namna nyingine. Kati ya mwaka 1980 na 1988 Mark Horton alichimba Shanga katika kisiwa cha Pate. Hakuishia kwenye sakafu ya msikiti wa mawe. Aliendelea kwenda chini, akakuta mfululizo wa misikiti iliyotangulia, na ile ya awali kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa midogo na ilijengwa kwa miti. Hivyo ilidhihirika kuwa mji wa mawe uliota juu ya kijiji cha miti, wala haukushushwa ufukoni ukiwa umekamilika.

Wanaisimu nao walikuwa wakifikia mahali hapo kwa njia yao. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walichapisha kitabu kilichouweka ushahidi wa lugha bega kwa bega na ule wa akiolojia na masimulizi, na mwaka 1993 Nurse na Thomas Hinnebusch walitoa uchunguzi mpana wa Kiswahili na lugha za Kisabaki. Lugha hizo, zikiwamo Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, zinaonyesha kuwa Kiswahili ni ndugu wa lugha za Kibantu zinazosemwa na majirani zake wa bara na visiwani, ingawa kimepokea maneno mengi ya Kiarabu. Ikiwa lugha ina ndugu nyuma ya pwani, basi historia ya wasemaji wake nayo haina budi kutafutwa nyuma ya pwani.

4.0 Mafunzo ya Uwandani ya 1987 na 1988

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia kama somo la shahada mwaka 1985, na Peter Schmidt alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mpango huo. Mwaka 1987 na 1988 chuo kiliendesha mafunzo ya uwandani ambayo wanafunzi wa shahada ya kwanza walishiriki. Sehemu muhimu ya kazi hiyo ilifanyika katika maeneo ya Mkiu, katika Wilaya ya Kisarawe ya wakati huo. Adria LaViolette, William Fawcett na Schmidt walichapisha taarifa yake mwaka 1989, na mwaka 1992 ikatoka taarifa nyingine katika mfululizo wa machapisho ya akiolojia ya chuo hicho, ambayo waandishi wake walikuwa Watanzania na wageni kwa pamoja.

Uteuzi wa Mkiu wenyewe ni somo katika upangaji wa utafiti. Pangekuwa rahisi kuwapeleka wanafunzi Kilwa au Kaole, mahali penye kuta za kupigia picha. Badala yake walipelekwa mahali ambapo msafiri wa kawaida angeona mikorosho na mashamba tu. Swali lililoongoza kazi lilihusu uhusiano wa pwani na bara lake la karibu, na swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kusimama ufukoni.

Matokeo ya jumla ya kazi za miaka hiyo na za zile zilizofuata yaligeuza somo zima. Huko Limbo, katika wilaya hiyo hiyo, ulithibitika kuwapo kwa jamii zilizoyeyusha chuma kwa wingi katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Felix Chami aliandika kuhusu Limbo katika jarida la Azania mwaka 1992, na tasnifu yake ya uzamivu, iliyotolewa Uppsala mwaka 1994, ilijenga hoja kwamba wakulima na wahunzi hao wa awali ndio msingi wa jamii za pwani zilizofuata. Hoja hiyo imepingwa na kurekebishwa katika baadhi ya vipengele vyake, kama ilivyo desturi ya elimu. Lakini hakuna mtaalamu wa leo anayeweza kuandika historia ya Waswahili bila kuanzia kwenye mahame yale yasiyo na ukuta. Swali lililoulizwa mbele ya wanafunzi, na miguu ya wanafunzi iliyotembea mistari ile, ni sehemu ya mabadiliko hayo.

Haja ya kuuliza sampuli imetoka wapi haijaisha. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani ya takriban mwaka 1250 hadi 1800. Ulionyesha kuwa wengi wa watu wa pwani waliochunguzwa walikuwa na mababu wa Kiafrika, hasa kwa upande wa wanawake, na mababu wa Kiasia, hasa Waajemi, kwa upande wa wanaume, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Magazeti yaliyachukua matokeo hayo kana kwamba yanawahusu Waswahili wote. Mwanafunzi aliyezoezwa kupanga utafiti atauliza kwanza: hao 80 walizikwa wapi? Mengi ya makaburi hayo yalikuwa ya watu wa tabaka la juu, karibu na misikiti na majumba ya mawe. Tofauti ya magofu na mahame imerudi tena, safari hii katika maabara.

5.0 Lugha kama Sehemu ya Mbinu

Kwa nini suala hili lizungumzwe katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili? Sababu ya kwanza ni kwamba majina hubeba madai. Vipo vyungu vya kienyeji vya takriban karne ya 6 hadi ya 10, vilivyopambwa kwa chale za pembetatu shingoni, vinavyopatikana pwani yote na bara lake la karibu. Chittick alikuwa ameviweka katika kundi alilolipa jina lenye maana ya vyombo vya jikoni. Watafiti wa pwani ya kaskazini, akiwamo Horton, walitumia jina la mapokeo ya Tana, kutokana na mto ulioko Kenya. Chami aliviita kwa pambo lake, yaani vyungu vya chale za pembetatu. Jina la kwanza linaweka vyombo hivyo uani, mbali na kauri za sebuleni. La pili linaelekeza asili yao kaskazini. La tatu linakataa kutaja mahali, na hivyo linaacha mlango wazi kwa chimbuko la kusini. Mwanafunzi anayekariri majina hayo matatu kwa ajili ya mtihani amejifunza msamiati. Anayeombwa kueleza kila jina linadai nini, naye akapendekeza la kwake na kulitetea, amejifunza utafiti.

Sababu ya pili ni kwamba maneno ya kawaida hayalingani kutoka lugha moja hadi nyingine. Chukuliwe neno mji. Kwa mkazi wa Lamu, mji ni mahali penye mitaa na misikiti. Katika matumizi ya sehemu nyingi za bara, mji waweza kuwa kaya ya mtu mmoja na watu wake, na neno lenye asili hiyo hiyo katika Kizulu, umuzi, lina maana hiyo. Atakayekwenda kijijini kuuliza mji wa zamani ulikuwa wapi anaweza kuonyeshwa mahali ilipokuwa nyumba ya babu wa mtu. Jibu hilo si kosa, na pengine ni bora kuliko alichotarajia, mradi ajue kwamba ameuliza maswali mawili kwa neno moja.

Sababu ya tatu ni kwamba lugha yenyewe huhifadhi ushahidi. Mfano mashuhuri unatoka Katuruka, Kagera, ambako Schmidt alifanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla ya kuchapisha kitabu chake cha mwaka 1978. Palikuwa na mti mtakatifu uliohusishwa na Mfalme Rugomora Mahe, nao uliitwa Kaiija, jina la Kihaya linalohusu mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia habari za uhunzi mahali pale. Uchimbaji ulifichua mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Jina la mti lilikuwa limelinda habari ambayo hakuna kitabu kilichoiandika.

Mfano huo una onyo ndani yake kwa wapenzi wa Kiswahili. Kaiija ni neno la Kihaya. Aliyeuliza kwa Kiswahili peke yake huenda angeambiwa kuwa ule ni mti wa mizimu, basi. Kiswahili kinaweza kumfungulia mwanafunzi mlango ambao Kiingereza kimeufunga, lakini chenyewe kinaweza kufunga mlango wa Kihaya, Kizaramo au Kimatumbi. Kwa hiyo, hoja ya mhadhara huu si kwamba Kiswahili kichukue kiti cha Kiingereza na kukaa kama kilivyokaa. Hoja ni kwamba swali lisitungwe mbali na lugha ya mahali litakapoulizwa.

6.0 Hatua za Ushirikishwaji

Ushirikishwaji wa mwanafunzi waweza kupangwa katika hatua tano, kila moja ikiwa na kazi inayoweza kupimwa.

Hatua ya kwanza ni kutunga swali. Wiki kadhaa kabla ya safari, wanafunzi wasome taarifa zilizopo za eneo husika, kisha kila kikundi kiandike swali moja na dhana inayoweza kukanushwa. Kusema "Tutachunguza maisha ya kale" si dhana. Kusema "Wakazi wa miinuko walitumia samaki wa baharini kwa kiwango kilicho chini ya kile cha wakazi wa ufuko" ni dhana, kwa sababu mifupa yaweza kuikataa. Swali liandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na pale matoleo hayo mawili yasipolingana, tofauti hiyo ijadiliwe. Mara nyingi hapo ndipo udhaifu wa swali hujitokeza.

Hatua ya pili ni kuchagua sampuli. Wanafunzi wapewe ramani na bajeti halisi ya siku na watu, wachore mistari yao, na waeleze kwa maandishi kwa nini wameacha maeneo waliyoyaacha. Mwalimu aweza kuukataa mpango, lakini sharti aeleze sababu.

Hatua ya tatu ni mazungumzo na wenyeji kabla ya kuchimba. Hapa mwanafunzi aliyekulia kijijini ana utaalamu kumzidi profesa mgeni. Ajua nani aamkiwe kwanza, neno lipi halitamkwi mbele ya wakwe, na mzee yupi asulubiwe kwa maswali wakati wa jua kali na yupi angojewe hadi jioni. Ujuzi huo huwa hauandikwi katika taarifa kwa sababu hauna safu yake katika fomu. Uwekewe safu.

Hatua ya nne ni uchimbaji na kumbukumbu. Kila mwanafunzi apite katika kazi zote: kuchimba, kuchekecha, kupima kina, kuchora ukuta wa shimo, kuandika lebo. Daftari la uwandani liandikwe kwa lugha ambayo mwandishi anaona vizuri zaidi kwayo. Rangi na ugumu wa udongo vinaweza kulinganishwa baadaye na vipimo vya kimataifa, lakini jicho lililozoea kutofautisha mfinyanzi, tifutifu na kichanga halifai kunyamazishwa kwa kukosa neno la Kiingereza.

Hatua ya tano ni kurudisha matokeo. Kabla ya kuondoka, wanafunzi wasimame mbele ya mkutano wa kijiji na kueleza kilichopatikana. Muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili ubaki katika ofisi ya kijiji na shuleni. Anayelazimika kumweleza mwenye shamba kwa nini mavi ya chuma yana thamani kuliko dhahabu aliyodhania inatafutwa, hujua mwenyewe kama amelielewa jambo hilo.

7.0 Pingamizi na Majibu Yake

Yapo mapingamizi ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza ni kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana uzoefu, na makosa yake hayasahihishiki. Hofu hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo sababu ya kutomkabidhi uchimbaji mkubwa. Lakini kutembea mistari hakuharibu kitu, na ghala za makumbusho zina vigae vingi vilivyochimbwa zamani ambavyo havijachambuliwa vya kutosha. Mwanafunzi aweza kupanga utafiti kamili juu ya kasha moja la vigae bila kugusa ardhi.

La pili ni sheria na gharama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huzuia uchimbaji usio na leseni, na maombi ya vibali hutakiwa kutolewa mapema. Kwa hiyo, swali la mwanafunzi sharti liingie ndani ya mradi mpana uliokwisha kupata kibali. Sharti hilo halimnyimi mwanafunzi uhuru wote. Linamfundisha kwamba urithi ni mali ya umma, na kwamba mtafiti hupewa ruhusa, hajipi.

La tatu ni lugha. Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za akiolojia, na kwamba dunia haitasoma taarifa ya Kiswahili. Juu ya istilahi, Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha taaluma zake kwa Kiswahili tangu mwaka 1970, na mwaka 1990 TUKI ilitoa kamusi sanifu za isimu, na za biolojia, fizikia na kemia. Istilahi huzaliwa pale watu wenye kazi ya kufanya wanapozihitaji. Fundi mwashi ana mwiko na timazi, mfinyanzi ana maneno yake ya udongo, mhunzi ana mvukuto na mavi ya chuma. Mwanaakiolojia anayeanzia hapo hatakosa pa kuanzia. Juu ya wasomaji wa dunia, hakuna anayependekeza kuwafungia mlango. Tasnifu na makala za kimataifa zitaendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Linalopendekezwa ni kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kupelekea matokeo, kisiwe kizingiti cha kuzuia maswali.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa katika mhadhara huu kwamba mpango wa utafiti ndio unaoamua kitakachoonekana na kitakachobaki ardhini. Miji ya pwani ilionekana kuwa ya wageni pale watafiti walipoyafuata mawe, ikaonekana kuwa na mizizi ya kienyeji pale walipoyafuata mahame. Mafunzo ya uwandani ya 1987 na 1988 yanaonyesha kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaweza kuwapo mahali ambapo swali linageuka, si kufika baada ya wakubwa kumaliza kuuliza.

Kazi iliyobaki ni ya pande mbili. Idara za akiolojia zinahitaji kuipa hatua ya kutunga swali alama na muda sawa na zile zinazopewa uchimbaji. Idara za Kiswahili na isimu nazo zinahitaji kuwapeleka wanafunzi wao kwenye mafunzo hayo, wakiwa na madaftari ya majina ya mahali, miti, udongo na vyombo, kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka nayo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesimama mbele ya mzee wa kijiji anastahili kuwa ameyachagua mwenyewe maneno ya swali lake, na kuwa tayari kuyabadili mzee atakapomwonyesha kwamba hayakufaa.